Ushuru wa Lugha Katika Elimu

Mwaka 2023 mtaalamu wa Kijapani, Dakta Tatsuya Amano, afanyaye kazi Australia, alitangaza pamoja na wenzake majibu ya wanasayansi 908 wa mazingira kutoka nchi nane, zikiwamo Nigeria, Nepal na Bolivia. Yameonyesha kwamba asiyezaliwa na Kiingereza aweza kutumia muda uliozidi kwa asilimia 51 kuandika makala moja, na kwamba makala zake hukataliwa kwa sababu ya lugha kiasi cha mara mbili na nusu kuliko za wenye lugha yao.

Mfanyakazi yeyote aielewa hesabu hii. Kazi ni ile ile, lakini mmoja huongezewa saa zisizo na malipo.

Hata hivyo wasomi wengi wa namna hiyo hawakichukii Kiingereza. Husema ni daraja la kuwafikia wenzao wa mbali, nasi hatubishi. Ndugu Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Magamba aliyeona mwaka 1963 kwamba maziwa ya moto yaweza kuganda kabla ya yaliyopoa, alijulikana ulimwenguni kwa makala ya Kiingereza aliyoitoa na Dakta Denis Osborne mwaka 1969. Lakini daraja hili hutoza ushuru upande mmoja tu.

Tunalolikataa hasa ni ile dhana, ambayo baadhi ya wasomi wetu wenyewe wameipokea kwa mikono miwili, kwamba kisichoandikwa kwa Kiingereza si elimu. Habari za nguruwe wa China kuambukizwa mafua ya ndege zilichapwa kwa Kichina, na hadi Agosti 2004 mashirika makubwa ya dunia yalikuwa hayana habari. Safari hiyo aliyepata hasara ni yule asiyejua Kichina!

Twayataka majarida yapime hoja kwanza, na gharama ya kusahihisha lugha ichukuliwe na mchapishaji, si mtafiti. Na hapa kwetu, ambako jarida la Mulika la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam limekwisha kuonyesha kwamba utaalamu huandikika kwa Kiswahili, kila utafiti unaolipiwa kwa kodi ya wananchi utolewe na muhtasari wa Kiswahili. Mkulima aliyekubali shamba lake lichimbwe ili udongo upimwe ana haki ya kusoma mwenyewe kilichoonekana humo.