Chombo kinapita juu ya Mpanda, nani anasikiliza?

Kila siku, mara kadhaa, Kituo cha Kimataifa cha Anga hupita katika anga la Katavi. Hakisimami, hakiombi kibali, wala mkulima wa Mpimbwe aliyeinamia mpunga wake mchana hakioni. Huenda kwa kasi ya karibu kilometa 28,000 kwa saa, na tangu kinapochomoza upande mmoja wa upeo wa macho mpaka kinapozama upande wa pili hupita kama dakika kumi, aghalabu pungufu. Kimo chake ni kilometa 400 na ushei. Kutoka Mpanda hadi Dodoma, hata mtu akipima kwa kamba iliyonyooshwa, ni zaidi ya kilometa 500. Basi kinapopita utosini, chombo hicho huwa karibu na mji wa Mpanda kuliko yalivyo makao makuu ya nchi.

Jambo hili lingekuwa la kustaajabisha tu, na kuachwa hapo, kama chombo hicho kingekuwa bubu. Walakini si bubu. Ndani yake mna redio, na katika vipindi ambavyo haitumiwi na wanaanga kuzungumza na wanafunzi wa dunia, mara nyingi huachwa ifanye kazi moja nyepesi: kusikiliza ujumbe wa data kwenye masafa ya megahezi 145.825, na kuurudia papo hapo kwenye masafa yale yale. Anayetuma huhitaji simu ya upepo ya mkononi yenye nguvu ya wati 5, antena nzuri kidogo kuliko ile fupi ya kiwandani, na ama redio yenye kifaa cha data ndani yake au waya wa kuiunganisha na simu ya kawaida yenye programu ya kazi hiyo. Mfumo wenyewe ulibuniwa na Mmarekani Bob Bruninga, mwalimu wa chuo cha maofisa wa jeshi la majini la nchi yake, aliyefariki dunia mwaka 2022. Mwaka 2001 wanafunzi wa chuo hicho walirushiwa setilaiti yao ndogo ya kufanya kazi hiyo hiyo.

Ujumbe mmoja hauzidi herufi 67, nafasi na vituo vikiwamo. Msomaji aliyezoea nyaraka za ofisi zenye kurasa sita atacheka. Hebu apime maneno haya ya kubuni: KAREMA: MAJI YAMEINGIA ZAHANATI. WATU 40 SHULENI. TUMENI DAWA. Hizo ni herufi 62. Je, ni neno gani la lazima lililokosekana?

Watumiaji wa masafa hayo huitwa waredio wa ridhaa. Neno ridhaa ni lile lile la bondia wa ridhaa: mtu afanyaye kitu kwa kukipenda na kujifunza, bila kulipwa. Kwa sababu hiyo sheria zao ni kali. Mfanyabiashara haruhusiwi kuulizia bei ya mchele kwa njia hii, wala mtu yeyote kutuma maneno yaliyofichwa kwa msimbo wa siri. Kila ujumbe hutanguliwa na alama ya wito ya mwenye leseni, na alama za Tanzania huanza na 5H. Kanuni za kimataifa za redio zinaruhusu waredio wa ridhaa kupeleka nje ya nchi habari za watu wengine katika hali moja tu, nayo ni wakati wa dharura na maafa.

Kwa nini basi Katavi, na si Arusha au Dar es Salaam? Mkoa huu ulizaliwa mwaka 2012 kutoka mkoa wa Rukwa, ukarithi nchi pana yenye watu waliotawanyika. Katikati yake imelala Hifadhi ya Taifa ya Katavi, kilometa za mraba 4,471, ambamo masika mto Katuma hufurika na kuyageuza mabonde ya Katavi na Chada kuwa maziwa. Magharibi, nyuma ya milima, iko Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Kaskazini iko Mishamo, na karibu na Mpanda iko Katumba, makazi yaliyofunguliwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, ambao maelfu kwa maelfu wamekwisha kupewa uraia wa Tanzania. Ziwa lenyewe limekaa juu ya ufa wa Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 tetemeko kubwa lilipiga eneo hilo na kuangusha nyumba Kalemie, ng'ambo ya Kongo, mbele ya macho ya Karema.

Hapana haja ya kuibeza kazi iliyokwisha kufanyika. Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote umepeleka minara vijijini ambako kampuni za simu, zikiachwa na hesabu zao za faida, zisingefika. Lakini mnara hula umeme, nao umefungwa kwenye kamba ndefu. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari zilikatika kusini mwa Msumbiji, na ofisi za Tanzania, kuanzia pwani hadi bara, zikakaa zikitazama mashine zisizofungua barua. Siku ile hapakuwa na tetemeko wala mafuriko. Hebu ifikiriwe siku ambayo mambo hayo yatakutana.

Wako watakaosema kwamba chombo hicho ni cha mataifa makubwa na hakikurushwa kwa ajili ya Mpanda. Ni kweli. Hata reli ya kutoka Kaliua hadi Mpanda haikujengwa kwa ajili ya Mkonongo wala Mbende. Waingereza waliijenga kwa sababu ya madini ya risasi yaliyogunduliwa Mpanda, ili yatoke, na si ili watu waingie. Mgodi ulifungwa, wenyewe wakaondoka, reli ikabaki. Leo mama mwenye magunia yake ya mahindi haulizi treni ile ilikusudiwa kubeba nini. Majirani nao hawakuuliza. Setilaiti ndogo ya kwanza ya Kenya ilitolewa angani kutoka kituo hicho hicho mwezi Mei 2018, na ya kwanza ya Uganda ikafuata Desemba 2022.

Tena jambo lenyewe si geni katika nchi hii, na hapa ndipo penye kuuma. Miaka ya mwanzo ya 1990, kabla neno intaneti halijaingia midomoni mwa watu, hospitali ya Muhimbili ilikuwa na mtambo wa redio uliozungumza na setilaiti iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, na kurushwa Januari 1990. Setilaiti ile ilizunguka kwenye kimo cha kama kilometa 800, ikipita juu ya ncha za dunia. Ilifanya kazi kama tarishi: ilipopita Dar es Salaam ilipokea barua, ikaziweka tumboni, ikazishusha ilipopita kule zinakokwenda. Mpango huo uliitwa HealthNet, na nyuma yake alikuwapo daktari wa moyo Bernard Lown, mmoja wa waasisi wa umoja wa madaktari wanaopinga vita vya nyuklia, uliopata Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka 1985. Madaktari wa majeraha ya moto wa Tanzania, Uganda na Msumbiji walishauriana kwa njia hiyo, badala ya kungoja barua ya posta au simu ya kimataifa ambayo bei yake ingemaliza fungu la idara. Mwaka 2000, ilipokwisha kazi hiyo, setilaiti ile ile ilifunguliwa kwa sauti za waredio wa ridhaa wenye simu za upepo za mkononi, ikaendelea kuwatumikia mpaka ilipokufa mwaka 2003.

Intaneti ilipoingia, mitambo ya namna ile iliwekwa kando. Kubadili chombo si kosa. Kosa ni kuacha ujuzi uende na chombo. Taifa ambalo lilikwisha kuwa na mafundi wa kuzungumza na setilaiti kwa redio halikupaswa kuwatafuta tena kwa taa baada ya miaka thelathini.

Sasa ipo tofauti moja ambayo lazima isemwe waziwazi, kwa kuwa wapenzi wa mitambo hupenda kuipita kimya. Setilaiti ya Muhimbili ilitunza barua. Redio ya Kituo cha Anga haitunzi kitu. Ni kama mwangwi wa mlimani. Ikiwa juu ya Mpanda, mwangwi wake hufika kwa wakati ule ule Dar es Salaam, Nairobi, Kinshasa, Harare na Addis Ababa, lakini asipokuwapo mwenye redio iliyowashwa katika eneo hilo, ujumbe hupotea kana kwamba haukusemwa. Mwalimu wa Mishamo anaweza kutuma maneno yake barabara, yakapaa, yakarudi, yakaanguka msituni. Kwa hiyo anayenunua redio kumi kwa ajili ya Katavi bila kuweka kituo hata kimoja cha kupokea Dodoma, Tabora au Mbeya, amenunua vinywa bila masikio. Kituo hicho si jengo. Ni redio moja, antena juu ya paa, na kompyuta ndogo inayoandika kila kinachosikika, lakini ni lazima ihudumiwe na mtu anayejua kwamba ikizimwa kwa kuokoa umeme imekufa yote.

Huko ndiko fedha ya kwanza ingepaswa kwenda. Inasikitisha kwamba katika mipango mingi ya mawasiliano fedha ya kwanza huenda kwenye kitu kinachoweza kupigwa picha siku ya uzinduzi.

Kipo pia kikwazo kisicho cha mitambo. Katika mkoa wa mpakani, uliopokea wakimbizi wa vita vya majirani, mtu mwenye antena mkononi akielekeza angani hutazamwa kwa shaka, na ombi lake hulala kwenye jalada likingoja afisa atakayethubutu kutia sahihi. Tahadhari hiyo haikuzuka bure. Lakini mwenye nia mbaya hatachagua njia ambayo kila neno lake hutoka likiwa na alama yake ya wito, bila siri, na kusikika katika nchi kumi kwa mpigo. Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na kazi ya ofisi za mkoa na wilaya ingekuwa kuwasaidia walimu wajaze fomu vizuri, si kuwatisha.

Walimu ndio wanaotajwa hapa kwa makusudi. Mganga wa zahanati ana wagonjwa, askari wa hifadhi ana redio koli ya idara yake, mtendaji wa kijiji huhamishwa. Shule hukaa, na kila mwaka hupata vijana wapya. Antena inayofaa hutengenezwa kwa bomba la plastiki la maji na vipande vya utepe wa chuma wa kupimia, ule wa seremala. Fundi yeyote wa Mpanda mwenye msumeno na risasi ya kuchomea ataimaliza kwa siku moja. Mwanafunzi wa kidato cha tatu akiishika na kukifuata chombo angani kwa mkono wake, akasikia jinsi masafa yanavyopanda kinapokaribia na kushuka kinapokwenda zake, amejifunza somo la mawimbi ambalo ubaoni huchukua juma zima na bado nusu ya darasa haielewi. Mwalimu Nyerere alipoandika juu ya Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, shule nyingi zilielewa jembe peke yake. Jembe lilikuwa lazima, lakini halikuwa peke yake.

Halmashauri za Katavi ziko tano: Manispaa ya Mpanda, Nsimbo, Mlele, Mpimbwe na Tanganyika. Shule moja kwa kila halmashauri, walimu wawili kila shule ili mmoja akihama mwingine abaki, na kituo kimoja cha kupokea Tabora na kimoja Dodoma; kwa kuanzia hilo lingetosha, mradi mazoezi yafanyike kila juma na si siku ya maadhimisho pekee. Kituo cha Kimataifa cha Anga kinatazamiwa kushushwa baharini karibu na mwaka 2030. Vyombo vingine vidogo vitaendelea na kazi hiyo baada yake, na vingine vimekwisha kufanya hivyo, ila hakuna kikubwa na rahisi kukisikia kama hicho kwa mtu anayeanza. Miaka iliyobaki inatosha kuwafundisha walimu kumi wa Katavi, iwapo fomu za leseni zitajazwa kabla ya masika yajayo.