Padri wa Sinema na Hofu ya Binti wa Remba

Msomaji mpendwa, Jumapili hii naomba uvuke maji pamoja nami hadi Remba. Kama hujawahi kufika huko, ni kisiwa kidogo mno katika Ziwa Victoria, upande wa Kaunti ya Homa Bay, ng'ambo ya Mfangano. Ukikitazama kutoka kwenye boti, huoni majani wala udongo. Unaona mabati tu, nyumba juu ya nyumba, na nyavu zilizoanikwa. Wajaluo, Wasuba, Waganda na Watanzania wote wamebanana pale kwa sababu moja, nayo ni samaki. Siri haikai Remba. Mtu akikohoa nyumba ya kwanza, wa nyumba ya tano humpa pole.

Nilikwenda huko kumjulia hali mama mmoja mchuuzi wa omena ambaye niliwahi kumfundisha shuleni miaka mingi iliyopita. Hata kabla sijamaliza chai aliyonipa, alianza kunilalamikia.

"Mwalimu, umekuja wakati mzuri," alisema. "Huyu binti yangu amenishinda. Ana miaka kumi na miwili, anajiandaa kupokea Kipaimara, na sasa anasema kuungama haendi. Shemeji yangu, ambaye ni katekista, anataka nimchape. Mimi mkono unakataa."

Nilimuuliza hofu hiyo ilitoka wapi. Alinyoosha kidole kuelekea banda la video.

Msomaji, wewe unayajua mabanda hayo. Yapo kila ufuo wa ziwa letu, kuanzia huku kwetu hadi Uganda. Benchi za mbao, giza, runinga moja, na kijana wa kutafsiri maneno ya Kizungu kwa sauti ya juu kuliko ya wachezaji wenyewe. Shilingi chache tu, unaingia. Bodi inayopanga filamu kwa umri wa watazamaji tunayo hapa Kenya, na sheria ya filamu, Sura 222, imekuwepo tangu mwaka wa 1962. Lakini nani atavuka mawimbi usiku kuangalia kama mtoto wa darasa la sita ameketi kwenye benchi la nyuma?

Kaka yake binti huyu aliiona sinema moja ya zamani ya Uingereza katika banda hilo, akarudi nyumbani kumsimulia dada yake huku akiongeza chumvi. Nilipoelezwa kisa chake niliitambua mara moja. Inaitwa House of Mortal Sin, ilitengenezwa na Pete Walker na kuonyeshwa mwaka wa 1976. Msichana aitwaye Jenny anaingia kuungama. Anamweleza padri mambo yake ya siri, ikiwemo mimba aliyoitoa. Kumbe padri huyo, Meldrum, amekuwa akirekodi sauti yake kwa siri! Tangu siku hiyo anamfuata kila aendako na kumtisha kwa yale yale aliyoyatubu. Anayejaribu kumwokoa msichana anauawa, na silaha zenyewe ni vitu vya ibada: chetezo, rozari, hata hostia iliyotiwa sumu. Mwisho wa filamu padri anabaki huru.

Sasa fikiria hayo yakisimuliwa gizani kwa mtoto anayesubiri kuungama wiki ijayo.

Huenda ukajiuliza, hawa Waingereza wana ugomvi gani na mapadri? Kisa ni kirefu. Mfalme Henry VIII aliachana na Papa mwaka wa 1534, na kwa vizazi vingi baada ya hapo Mwingereza wa kawaida alifundishwa kumtilia shaka padri Mkatoliki. Waandishi wao wa riwaya za kutisha waliishika hofu hiyo. Mathalani, mwaka wa 1796 Matthew Lewis alitoa kitabu cha mtawa anayezama katika uchafu wa kila namna. Sinema zilipokuja, ziliikuta njia imekwisha kufyekwa. Mwaka wa 1968 kampuni ya Hammer ilionyesha padri mwoga aliyegeuzwa mtumwa wa Dracula, na mwaka wa 1976 ikamleta Christopher Lee kama padri aliyetengwa na Kanisa, anayetaka kumtoa msichana kwa shetani.

Katekista alipofika jioni ile, nilimweleza hayo yote. Alifurahi sana.

"Si nilisema?" aliuliza. "Ni uongo wa Wazungu! Shemeji, mtoto achapwe, aende kuungama."

Lakini mimi sikuweza kumuunga mkono, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize kwa makini.

Katika sinema ile, mambo ya chetezo na sumu ni mapambo ya kutia watu baridi. Kuna jambo moja ndani yake ambalo si mapambo. Jenny anapowaeleza watu kwamba padri anamtesa, hawamwamini. Padri ni mzee wa heshima, msichana ni kijana wa mambo ya kisasa, basi lazima msichana ndiye mwongo au ana wazimu. Je, hilo nalo ni la Uingereza tu? Jiulize ni mara ngapi umesikia hapa kwetu mtoto akiambiwa, "Nyamaza, usimtaje mtu mzima vibaya!"

Wala tusidanganyane kwamba mtumishi wa altare hawezi kupotoka. Tarehe 17 Machi mwaka wa 2000, huko Kanungu, kusini magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea ndani ya jengo lao la ibada. Walikuwa wafuasi wa kundi lililojiita la kurejesha Amri Kumi za Mungu. Miongoni mwa viongozi wake alikuwepo Dominic Kataribabo, padri msomi aliyesomea hadi Marekani, ambaye Kanisa lilikuwa limemsimamisha. Baadaye miili zaidi ya 100 ilifukuliwa nyumbani kwake Rugazi. Wafuasi wale waliogopa dhambi kiasi cha kuzungumza kwa ishara, wasije wakavunja amri kwa ulimi. Waliuza mali zao, wakatii kila neno. Na hapa kwetu, mwaka wa 2023, msitu wa Shakahola kule Kilifi ulitoa miili zaidi ya 400 ya watu waliofundishwa kufunga hadi kufa. Kiongozi wa kule hakuwa padri, lakini utii ulikuwa ule ule wa kutouliza.

Katekista alinyamaza kidogo. Kisha akaniuliza, na hakukosea kuuliza, "Mwalimu, sasa wataka watoto wetu wamwone kila padri kama Meldrum?"

La hasha! Nilimkumbusha Padri John Kaiser. Mmarekani huyu alikuwa wa shirika la Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka wa 1866 na ambalo mapadri wake ndio waliopanda Ukatoliki katika sehemu kubwa ya Nyanza. Alifika Kenya katika miaka ya sitini na kuhudumu miaka mingi katika Jimbo la Kisii, wakati ambapo Homa Bay ilikuwa bado chini ya jimbo hilo, kwani ilipata jimbo lake mwaka wa 1993. Baadaye alihamia upande wa Wamaasai. Huko wasichana waliodai kudhulumiwa na mtu mwenye mamlaka makubwa walimwendea, naye akawaamini, akawasaidia kutafuta haki. Mwezi wa Agosti mwaka wa 2000 alikutwa ameuawa kwa risasi karibu na Naivasha. Kuna waliosema alijiua. Mwaka wa 2007 mahakama iliyochunguza kifo chake ikaamua kwamba aliuawa.

Tazama basi, msomaji. Mwaka ule ule wa 2000, padri mmoja alikuwa miongoni mwa viongozi wa kundi lililoangamiza mamia, na padri mwingine alipoteza maisha yake baada ya kuwasimamia wasichana. Wote wawili walivaa kanzu ile ile. Mtoto atawatofautishaje ikiwa tunamfundisha kuitazama kanzu peke yake?

Kuna upande mwingine ambao ni haki niutaje. Mwaka wa 1971 Mwingereza Ken Russell alitengeneza The Devils, filamu kuhusu padri Urbain Grandier wa mji wa Loudun, Ufaransa. Padri huyo alikuwa na makosa yake na wanawake, lakini alichomwa moto mwaka wa 1634 kwa uchawi ambao hakuufanya. Kumsikiliza mtoto si kumhukumu anayetajwa. Mzazi kazi yake ni kusikiliza na kumlinda mtoto, kisha wanaohusika na sheria wachunguze.

Usiku ule, baada ya katekista kuondoka, mama alimwita binti na kumketisha kwenye gunia la omena. Hakumtisha. Alimweleza kwamba padri wao anayekuja kwa boti hana kisanduku cha giza. Huketi kwenye kiti uwanjani, watu wote wakimwona, ila hawasikii. Alimweleza kwamba padri akitoboa siri ya maungamo, sheria ya Kanisa lenyewe humtenga. Mimi niliongeza kwamba mtu mzima yeyote, awe padri, mwalimu au mjomba, akimwambia mtoto "usimwambie mama", hapo ndipo mtoto akimbilie kwa mama.

Binti alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Mama, na nikikuambia kitu, utaniamini?"

Mama aliniangalia. Nilisimama nikatoka nje, kwa maana yale hayakuwa yangu kuyasikia.

Asubuhi yake, mama akiwa na macho mekundu, alinieleza machache na kunipa ruhusa niyaandike bila majina. Mtoto hakuwa akimwogopa padri. Kulikuwa na mwenye chombo mmoja pale ufuoni aliyekuwa akimwita, kumnunulia soda, na kumshika asivyotaka. Alikuwa amemwambia kwamba mama akijua, hatauziwa tena omena. Wewe unayejua maisha ya fuo zetu, na jinsi samaki wanavyotumiwa kuwanasa wanawake katika kile kiitwacho jaboya, unaelewa uzito wa tishio hilo. Binti aliihesabu aibu ile kuwa dhambi yake. Kwa wiki nyingi alikuwa amepanga kuisema kwa padri, mtu pekee aliyeahidiwa kwamba hatasema. Kaka yake alipomletea habari ya padri anayerekodi sauti, mlango wake wa mwisho ukafungwa.

Fikiria, msomaji, kama angechapwa!

Mama alinunua tikiti ya boti siku ile ile na kwenda kupiga ripoti ng'ambo. Na nani alimsindikiza? Shemeji yake katekista. Aliubeba mzigo wake hadi botini bila kusema neno, na walipofika alikuwa wa kwanza kugonga meza ya polisi. Omena ya yule mwenye chombo mama hanunui tena. Amepata hasara, lakini wanawake wengine watatu wamejiunga naye.

Wazazi wenzangu, banda la video lina makosa yake, na mtoto wa miaka kumi na miwili hana kazi humo usiku. Hilo simung'unyi maneno. Lakini mtoto akirudi na hofu ya sinema, usiifukuze kwa fimbo. Muulize imegusa wapi. Mfundishe kwamba dhambi ya mtu mzima aliyemgusa ni ya mtu mzima, wala yeye hana la kutubu hapo. Jua pia kwamba Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka wa 2006 inamlinda mtoto wako dhidi ya yeyote, awe na kanzu, chaki au nyavu. Simu ya watoto, nambari 116, hailipiwi. Iandike ukutani mahali ambapo mtoto ataiona.

Na zaidi ya yote, kabla hujalala leo, jiulize swali la binti wa Remba: mwanao akikuambia, utamwamini?

Mungu akitujalia, tukutane Jumapili ijayo.