Udini Tunaulea Wenyewe Majumbani

Oktoba 2012, Mbagala, Dar es Salaam. Watoto wawili wanabishana kuhusu Kurani, mmoja anaikojolea. Umati unafurika kituo cha polisi ukitaka upewe huyo mtoto. Haukupewa. Makanisa yakachomwa moto.

Dharau ile mtoto aliitoa wapi? Na waliobeba mawe, nani aliwalea? Uliwahi kujiuliza, au moshi ulipotulia nawe ukalala?

Usiniambie hatuna udini. Tunao, na tunaulisha kila jioni. Nyumba hii, baba anasema hao wala nguruwe si watu wa kuwaamini. Nyumba ile, mama anasema hao magaidi usiwazoee. Mtoto yuko pale pale, anakula na kusikia. Kesho yake maneno yale anayabeba kwenda nayo shule.

Na shuleni je? Kipindi cha dini kikifika, Wakristo chumba hiki, Waislamu chumba kile. Kila mtoto asome dini yake, sina ugomvi. Lakini ni saa ngapi wanakaa pamoja kuyasema wanayoyasikia juu ya wenzao? Hakuna saa. Hakuna kipindi. Hakuna anayethubutu. Tunawaimbisha umoja, kisha tunawakataza kukitaja kinachoubomoa. Mficha maradhi, kilio humuumbua!

Dawa tunayo, na ni ya hapa hapa. Mwaka 1996, kina Penina Mlama na Amandina Lihamba wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walianzisha mpango wa Tuseme. Wasichana wa sekondari walichambua yanayowasibu, wakatunga michezo ya kuigiza, wakaigiza mbele ya walimu wao. Yaliyokuwa yakinong'onwa bwenini, hata ya kusumbuliwa kimapenzi, yakasemwa hadharani. Nchi nyingine za Afrika zikauchukua mpango huo. Sisi wenyewe tunaona mchezo wa kuigiza ni wa kumchangamsha mgeni rasmi siku ya mahafali!

Njia hiyo hiyo tuitumie kwa udini. Chukua dawati moja, liweke mbele ya darasa, liwe bucha. Mwanafunzi mmoja anauza, mwingine anakuja kununua. Anauliza, "Nyama hii kachinja nani?" Muuzaji anamtukania dini yake. Mwalimu anapiga makofi, mchezo unasimama. "Nani angejibu vingine?" Mkono unanyooshwa kule nyuma. Mwenye mkono anakuja, anashika nafasi ya muuzaji, wanaanza upya. Kisha wanabadilishana: aliyetukana atukanwe. Aonje uchungu wake angali mdogo.

Unaona ni mchezo wa kitoto? Ugomvi wa nani achinje ulimwaga damu Buseresere, Geita, Februari 2013. Mchungaji aliuawa. Waliogombana walikuwa watu wazima, na hakuna aliyewahi kuwafundisha kusimama kabla ya panga.

Ibada isiguswe. Swala, sakramenti na vitabu vitakatifu havichezewi jukwaani. Kinachoigizwa ni ubaya wetu sisi watu. Na mchezo usiishie kwenye tusi. Watoto wakae chini waongee: nani kaumia, nani alinyamaza, kwa nini alinyamaza.

Kisha wazazi waitwe waje watazame. Hapo ndipo unapoogopa, sivyo? Unajua maneno yatakayosemwa pale mbele utayatambua. Ni yako. Mtoto kayachota nyumbani kwako.

Ogopa, lakini uje! Aibu ya nusu saa kwenye benchi la shule haijaua mtu. Ukimya wetu umeua. Umeua majirani waliokuwa wakiazimana chumvi. Umeua, na bado tunaunyamazia.

Amka, mzazi mwenzangu! Kwenye kikao kijacho cha wazazi simama uulize: watoto wetu wataigiza lini haya? Ukijibiwa kwamba suala hili ni nyeti, kubali. Ni nyeti, ndiyo maana lifundishwe mapema. Samaki mkunje angali mbichi. Ukikataa kumkunja leo, kesho usimlaumu mwalimu, usimlaumu shehe, usimlaumu mchungaji. Jilaumu mwenyewe.