Mzazi Aelezwe Gharama Yote

Kila mwaka, matokeo ya kidato cha sita yanapotangazwa, walimu wa sekondari huulizwa na wazazi swali moja: chuo kikuu ni shilingi ngapi? Mwalimu hufungua mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu, akaonyesha tarakimu iliyo kando ya jina la kozi. Mzazi hushukuru, akaenda kuuza mahindi au ng'ombe kwa kadiri ya tarakimu hiyo. Kumbe ile ni ada ya mafunzo peke yake.

Mengine huja na barua ya kujiunga, na barua hiyo huja chuo kikikaribia kufunguliwa. Humo mna usajili, mitihani, kitambulisho, mchango wa serikali ya wanafunzi, bima ya afya ambayo kwa miaka mingi imekuwa shilingi 50,400, na shilingi 20,000 za udhibiti wa ubora. Moja moja ni ndogo. Zikikusanywa si ndogo hata kidogo. Na bado hazijagusa jambo kubwa kuliko yote, yaani mahali pa kulala. Mabweni hayatoshi, na mwanafunzi anayepanga chumba mtaani huweza kudaiwa kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Mtoto wa Kigoma anayesoma Dar es Salaam ana nauli pia. Hesabu hiyo yote izidishwe mara tatu; kwa uhandisi mara nne, na kwa udaktari mara tano. Kuzidisha huku ndiko wazazi wengi wanakokusahau.

Wapo watakaosema kwamba ipo Bodi ya Mikopo. Ni kweli, na tangu ianze kazi mwaka 2005 Bodi hiyo imewafikisha vyuoni vijana wengi ambao wasingefika. Lakini neno "amepata mkopo" limekuwa likisikika vijijini kana kwamba maana yake ni "amemaliza". Mkopo hugawanywa kwa vipengele: chakula na malazi, vitabu na viandikwa, ada, mahitaji ya kitivo, mafunzo kwa vitendo. Wawili waliokaa dawati moja huweza kupewa viwango tofauti vya ada. Fedha za kujikimu, ambazo wanafunzi huziita bumu, zilipandishwa mwaka 2022 kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku, na hizo ni za kula na kulala pamoja. Swali la kuuliza basi ni hili: katika kila kipengele amepewa kiasi gani, na kilichobaki atakilipa nani?

Aidha, mkopo si punguzo la bei. Watumishi wa umma wanaosoma safu hii hawahitaji kufundishwa hilo. Tangu sheria irekebishwe mwaka 2016, makato yalipanda kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Mwenye mshahara wa shilingi 800,000 hukatwa 120,000 kila mwezi. Kufutwa kwa tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani mwaka 2021 kulikuwa uamuzi wa haki, lakini deni lenyewe limebaki palepale.

Chuo kikuu chetu kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi 13 wa sheria. Mwalimu Nyerere aliwafananisha wasomi wa wakati ule na mtu aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu ya kwenda kuleta kingine. Sera ya uchangiaji ya miaka ya 1990 ilibadili mambo, na hatuandiki hapa kuipinga. Lakini anayetakiwa kuchangia ana haki ya kuoneshwa hesabu kabla ya kufungua mkoba. Haki hiyo ina uzito zaidi sasa, kwa kuwa tangu mwaka 2022 ada imefutwa hadi kidato cha sita, na kwa mzazi wa shule ya serikali ada ya chuo huwa ya kwanza kuiona.

Kwa hiyo tunataka kila chuo kiandike gharama yote ya mwaka, ada, michango na makisio ya malazi, kwa kila kozi, katika ukurasa mmoja wa mwongozo uleule. Maombi hufunguliwa kwa kawaida mwezi Julai. Hesabu iwe mikononi mwa walimu kabla ya wanafunzi wa kidato cha sita kuondoka shuleni.