Mwalimu wa Sheria na Mwanafunzi Wake

Wapo wastaafu wenzangu ambao, tukikaa kuzungumza mambo ya dunia, humsifu Anatoly Sobchak wa Urusi kuwa ni mwalimu bora aliyeangushwa na wanafunzi wabaya. Mimi nasema hapana, na nasema hivyo nikiwa mtu niliyefundisha walimu kwa miaka mingi.

Sifa zake sizikatai. Alikuwa profesa wa sheria katika Chuo Kikuu cha Leningrad. Mwaka 1989 aliingia bungeni, akaongoza tume iliyochunguza mauaji ya Tbilisi ya Aprili 9 mwaka huo, wala hakuogopa kuwalaumu wakubwa wa jeshi. Juni 1991 alichaguliwa kuwa Meya; siku hiyo hiyo wananchi walipiga kura mji wao urudishiwe jina la St. Petersburg. Agosti, wakuu wa dola walipojaribu kumpindua Gorbachev, aliwapinga waziwazi. Huo ni ushujaa, nani atabisha?

Lakini mwanasheria hupimwa siku sheria inapobisha hodi mlangoni kwake. Mwaka 1992 tume ya madiwani, ikiongozwa na Marina Salye, ilichunguza vibali vya kuuza nje metali, mafuta na mbao ili mji upate chakula. Tume ilisema chakula hicho hakikufika, ikataka afisa aliyesimamia vibali, Vladimir Putin, aliyepata kusoma katika kitivo cha Sobchak, aondolewe. Putin alikana kosa. Sobchak angeweza kumweka kando mpaka ukweli ujulikane. Badala yake alimlinda, na mwaka 1994 akampandisha cheo. Baraza lenyewe, alilogombana nalo mara kwa mara, lilivunjwa na Rais Yeltsin mwishoni mwa 1993. Mwaka huo huo Sobchak alishiriki kuandaa Katiba iliyompa Rais madaraka mapana mno.

Mtaniambia: nyakati zilikuwa ngumu, na watendaji hodari ni haba. Hoja hiyo naijua, maana niliwahi kuitumia. Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, kamati ya walimu iliniletea taarifa kwamba mahindi ya wanachuo yanapungua stoo. Mtunza stoo alikuwa mwanafunzi wangu wa zamani, kijana mwepesi wa kazi. Niliikunja taarifa ile, nikaitia katika mtoto wa meza. Wanachuo wakanywa uji mwepesi muhula mzima. Sikuiba hata punje moja. Lakini niliwafundisha walimu wale watarajiwa somo lisilokuwamo katika muhtasari: kwamba aliye karibu na mkuu haguswi. Wamelifundisha kwa watoto wangapi, Mungu ndiye ajuaye.

Sobchak alishindwa uchaguzi wa 1996 na naibu wake mwenyewe, Vladimir Yakovlev. Mwaka 1997, uchunguzi wa rushwa ukimzunguka, aliondoka kwenda Paris. Alirudi 1999, uchunguzi ukafutwa, akafariki Februari 2000, mwezi mmoja kabla Putin hajachaguliwa Rais.

Basi tusiseme mwalimu alikuwa mwema, mwanafunzi akaharibu. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Mwanafunzi yule aliisikia mihadhara ya sheria darasani, kisha ofisini akaona jinsi taarifa ya tume inavyowekwa kando. Kati ya masomo hayo mawili, alishika lile aliloliona likitendwa.