Nguruwe Ana Mizani, Kiazi Hakina

Asiyewahi kuona lumbesa ikizaliwa, apande Coaster ya Tukuyu hapa Mbeya alfajiri, avae sweta mbili, ashuke Isyonje. Baridi ya pale haina adabu. Inaingia kwenye mifuko ya suruali kabla ya mikono yako. Kando ya lami utakuta viazi vimemwagwa chini, vijana wanne, sindano ndefu ya kushonea na gunia ambalo limeshajaa.

Kwa akili za kawaida, gunia likijaa kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Kijana mmoja analitikisa, mwingine analisukuma kwa goti, viazi vinashuka, nafasi inapatikana, vinaongezwa. Halafu mdomoni unashonewa wavu wa kamba, na viazi vingine vinapangwa humo kimoja kimoja kwa ustadi wa fundi anayejenga mnara. Gunia linaota shingo, kisha kichwa, kisha kilemba: hiyo ndiyo lumbesa. Muda wote huo mwenye viazi amesimama pembeni, mpole kama mgeni aliyechelewa msibani. Bei walishapatana saa nzima iliyopita. Walipatana bei ya gunia, na ukubwa wa gunia anauamua kijana mwenye sindano.

Huku Nyanda za Juu Kusini lumbesa ni habari ya kila msimu, sawa na mvua na lori kuanguka mlimani. Kiongozi mpya akiletwa, hotuba yake ya kwanza ni ya usafi wa mazingira, ya pili ni ya utoro shuleni na ya tatu ni lumbesa: kuanzia leo ni marufuku. Tunapiga makofi kwa dhati kabisa. Nyuma ya jukwaa Fuso linapita likipanda mlima kwa kwikwi, limebeba vilemba arobaini.

Wala hatuna upungufu wa sheria. Sheria ya Vipimo ipo, Sura ya 340. Wakala wa Vipimo upo tangu 2002, una maofisa mikoani, na kikomo cha gunia la mazao kinajulikana hadi kwa watoto: kilo 100. Swali linalonikosesha usingizi (pamoja na mbwa wa jirani) ni hili: kwa nini kitu kilichopigwa marufuku mara nyingi hivi kinazidi kunenepa?

Jibu la haraka ni kwamba mkulima hajui mizani. Nalikataa. Shuka Rungwe ukaangalie majani ya chai. Mkulima anafika kituoni na kikapu, kikapu kinaning'inizwa, anasomewa kilo, zinaandikwa. Nenda Mbozi, kahawa inapimwa kwa kilo kwenye chama cha msingi. Parachichi lililokuja juzijuzi tu nalo limeikuta mizani inalisubiri, kwa sababu mnunuzi wa Ulaya analipa kwa kilo na hataki hadithi. Mahindi yakienda kwa Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula pale Makambako, ni kilo. Hata mzee anayepita mtaani na mkokoteni kununua sufuria zilizotoboka ana kamizani ka kuning'iniza.

Na kitimoto, jamani. Wasiotumia nguruwe wanisamehe, lakini huu ni mji wa Mbeya na siwezi kuandika habari za chakula nikajifanya sikioni. Ingia banda lolote, uagize nusu. Mpishi anakata, anaweka juu ya mizani, anapunguza kipande cha mfupa, anarudisha kipande kidogo cha mfupa, nawe umekodoa macho kama refa wa akiba. Kikizidi kidogo anakwambia. Kikipungua unamwambia wewe. Ukishaletewa pamoja na ndizi za kuchoma, umekula nyama iliyopimwa hadharani. Chipsi ulizoagiza pembeni zimetoka kwenye gunia ambalo halijawahi kuiona mizani tangu lizaliwe. Nguruwe kaheshimiwa kuliko kiazi.

Lipo jambo linalonichekesha zaidi. Lori lililobeba viazi vya Isyonje likishika njia ya Dar es Salaam litasimamishwa kwenye mizani ya barabarani: Makambako, kisha Wenda pale Iringa. Sheria ya udhibiti wa uzito wa magari ya Afrika Mashariki, ya mwaka 2016, inataka gari na mzigo wake wote lisizidi tani 56, na kila ekseli ina kikomo chake. Ukizidisha unalipa. Kwa hiyo viazi hupimwa, tena kwa mitambo ya kisasa, kwa ajili ya kuilinda lami. Mkulima aliyevitoa ardhini hakuulizwa vina kilo ngapi.

Sasa tupige hesabu ya kitoto. Tuseme gunia wamepatana shilingi 60,000. Likiwa na kilo 100, kila kilo ni shilingi 600. Likivishwa kilemba likafika kilo 130, kilo imeshuka hadi shilingi 461. Mkulima akiuza magunia 40, kilo 1,200 zimeondoka bila kuaga: tani moja na ushee, yenye thamani ya shilingi 720,000 kwa ile bei ya mwanzo. Ndiyo ada ya mtoto, imefungwa kwa kamba juu ya gunia, inaelekea Dar.

Nimewahi kumpigia mnunuzi mmoja hesabu hii, akacheka. Nilidhani atatahayari; yeye akaagiza chai, akanifundisha. "Kaka," akasema, "mwambie na huyo mkulima wako aache kuniwekea vile vya mbegu katikati." Ana hoja. Vikubwa hupangwa juu na chini, tumboni mwa gunia kumejaa vidogo, vya kijani na udongo wa kutosha kuotesha bustani. Viazi vya aina ya Obama akikuchanganyia na vingine, utajua siku mteja wa chipsi anapokurudishia. Safari ni ndefu, joto la Morogoro halina huruma, vingine vinaoza. Kilemba, kwa maelezo yake, ni bima.

Akaongeza jambo la pili, zito zaidi. Ukipunguza gunia, bei ya gunia nayo itapungua. Soko linajua kilo hata kama halizitamki. Kwa hiyo, kaka, lumbesa ni jina tu la kipimo kikubwa.

Hapo ndipo nilipomkatalia, na bado namkatalia. Debe ni kipimo kikubwa kuliko kopo, hakuna anayelilalamikia, kwa sababu debe la asubuhi ndilo debe la jioni. Lumbesa inakua baada ya bei kukubaliwa. Leo ina shingo ya viazi ishirini, kesho ya hamsini, kutegemea mvua imenyesha, mkulima ana mgonjwa hospitali, au lori ni moja tu kijiji kizima. Na kijiji kikijifanya kigumu, dereva anawasha gari, anaelekea Makete. Viazi vinavyongoja njiani haviongezeki bei.

Lakini mwenye kilemba wala hamwonei mkulima peke yake, na hili ndilo viongozi wetu hawaligusi jukwaani. Kila anayegusa gunia njiani analipwa kwa gunia. Nauli ya lori hupangwa kwa gunia. Wapakiaji hulipwa kwa gunia. Ushuru je? Mwaka 2017 Serikali ilishusha ushuru wa mazao kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa mazao ya chakula, na mzigo usiofika tani moja ukaachiwa upite kutoka halmashauri moja kwenda nyingine bila kulipiwa. Asilimia ya thamani, imeandikwa vizuri. Kwenye geti, mtu wa ushuru mwenye mashine yake anafanya nini? Anahesabu magunia kwa kidole. Gunia la kilo 80 na gunia la kilo 140 ni ndugu pacha mbele ya kidole chake.

Ukiwa mfanyabiashara mwenye akili timamu, kwa mpangilio huo, utafungaje gunia dogo? Halmashauri inapiga marufuku lumbesa kwa mdomo na kuilipia zawadi getini. Ikikosa mapato, inalalamika wafanyabiashara wanakwepa ushuru, na ofisa mwingine anatumwa kwenda kuhutubia.

Anayeumia kimwili simsikii akitajwa kabisa. Shirika la Kazi Duniani, katika mapendekezo yake ya 1967, liliweka kilo 55 kuwa mwisho wa mzigo wa kubebwa na mwanamume mzima. Vijana wetu wa kupakia wanatwishwa mara mbili ya hapo na zaidi, wakipanda ubao mwembamba uliolowa umande. Nilimuuliza mmoja gunia alilokuwa akilingojea lina kilo ngapi. Akaniangalia kwa huruma. "Mzee, hili halipimwi. Linabebwa."

Wakenya walijaribu njia nyingine. Wao kilemba wanakiita mukorino, kutokana na waumini wa dhehebu la Akorino ambao huvaa vilemba. Utani wa sokoni hauna mpaka. Kanuni zao za viazi za mwaka 2019 zinataka gunia lisizidi kilo 50. Utekelezaji umekuwa wa kupanda na kushuka, lakini napenda lile wazo la kuanzia mgongoni mwa mtu. Gunia la kilo 50 ukilivisha kilemba linachekesha; kila mtu sokoni anaona kichwa kimekizidi kiwiliwili.

Mimi nimeoa Iringa, kwa hiyo ugomvi huu naupata pande zote mbili za Makambako. Shemeji yangu analima nyanya Ilula. Huko hakuna gunia, kuna tenga, na tenga nalo limejifunza tabia mbaya: mnunuzi anakuja na matenga yake mwenyewe, na kila mwaka mbao zinarefuka kidogo. Nilipomletea hotuba yangu ya mizani alinisikiliza hadi mwisho, akanikaribisha ulanzi, akasema kitu kimoja tu ambacho hakijawahi kuongezwa kilemba Iringa nzima ni ulanzi, maana haukubali kupanda juu ya kopo. Nikamwonyesha povu. Akakiri.

Ili nisionekane malaika: Desemba nilinunua viazi vya sikukuu pale Uyole. Nilimwona muuzaji anashona wavu, nikaona kichwa kinapanda, nikajikuta namwambia, "Ongeza ongeza, mama, mimi mteja wako." Akaongeza. Nilifika nyumbani natabasamu kama niliyeokota.

Kwa hiyo simwombi mkuu yeyote atoe marufuku nyingine. Naziomba halmashauri za Rungwe, Mbeya, Makete na Kilolo kitu kimoja kabla viazi vya msimu ujao havijatoka ardhini: wekeni mizani getini, mtoze ushuru kwa kilo, na risiti iandike kilo. Ile mashine mnayo tayari. Badilisheni tu neno "gunia".