Karatasi ya moyo wa mjomba

Nilipotea kidogo. Nilikuwa kusini, Nachingwea halafu Ruangwa, na nimerudi na hasira.

Mjomba wangu alibanwa na kifua miaka kadhaa iliyopita. Ambulensi ikamkimbiza hospitali moja (siitaji), wakampima ECG, wakampa dawa za vidonda vya tumbo na karatasi yake aende nayo nyumbani. Juzi kaniletea bahasha niisome, maana mimi ndiye "msomi" wa ukoo. Kufungua: nyeupe pe! Karatasi za mashine nyingi za ECG huchapwa kwa joto, kama risiti za dukani. Ziweke sandukuni chini ya bati, kwa jua la Lindi, mistari inafifia yenyewe. Nakala hospitalini hakuna. Daktari akitaka kulinganisha moyo wa leo na wa siku ile, alinganishe na nini?

Sasa zidisha mjomba mmoja kwa wilaya mbili.

Sweden wana SWEDEHEART, rejista ya wagonjwa wa moyo ya nchi nzima, tangu 2009. Ukisema nasi tuanze hata kadogo, ka ECG za dharura za Nachingwea na Ruangwa, unajibiwa kwamba huku shida ni malaria na wajawazito, moyo ni ugonjwa wa mabosi wa Dar. Nani kawaambia? Moshi watafiti waliwapima wagonjwa wa dharura waliofika na maumivu ya kifua au kukosa pumzi. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kuwa zaidi ya mmoja kati ya watano alikuwa na tatizo la ghafla la mishipa ya moyo, na wengi wao walikuwa wameandikiwa ugonjwa mwingine. Kama mjomba!

Tangu Namungo ya Ruangwa ipande Ligi Kuu mwaka 2019, kila bao lake lina dakika yake kwenye kumbukumbu. Moyo wa shabiki wake hauna.

Ndiyo, ambulensi zetu nyingi ni kitanda, king'ora na, ukibahatika, mtungi wa oksijeni. Basi anzeni na ECG inayopigwa mgonjwa akishushwa. Piga picha karatasi kabla haijafifia, ondoa jina, weka namba, andika saa maumivu yalipoanza, saa gari lilipoitwa, saa lilipofika. Hizo saa tatu peke yake zitaaibisha wengi, na nadhani ndiyo maana hazipendwi.

Halafu kuna wale wanaozitaka hizo karatasi haraka mno: wazibebe, waondoke, wakachapishe makala yao. Mtu aliyeshika kifua ndani ya Land Cruiser hasomi fomu ya ridhaa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kibali cha maadili cha NIMR si mapambo. Wala kuondoa jina hakutoshi. Kijiji ambacho Jumanne ile mzee mmoja tu alibebwa na ambulensi, namba yake ndiyo jina lake. Aulizwe akipata nafuu. Akikataa, karatasi yake itolewe, bila maneno.

Rejista iwe ya nani? Ya wilaya. Someni habari za TEHIP, mradi ulioanza miaka ya 1990 Rufiji na Morogoro Vijijini. Takwimu za vifo, zilizokusanywa nyumba kwa nyumba, zilirudi kwa timu za afya za wilaya zenyewe, nazo zikahamishia fedha kwenye magonjwa yaliyokuwa yanaua kweli. Vifo vya watoto vikashuka kwa zaidi ya asilimia 40 ndani ya miaka michache. Hawakusubiri mgeni awaambie Rufiji inaumwa nini. Waganga wakuu wa Nachingwea na Ruangwa wanasubiri nini?

Mjomba nilimwambia ukweli, kwamba bahasha haina kitu. Akaikunja vizuri, akairudisha sandukuni. "Ikae tu, mwanangu. Huenda daktari akaiuliza."